Mfupa Umeunga, Mbona Bado Tunachechemea?

Leo naomba niweke siasa pembeni nizungumzie miguu. Najua wapo watakaosema huyu bwana kaishiwa na hoja. Wavumilie kidogo, maana sidhani kama kuna ukoo wa Kiafrika Mashariki siku hizi usio na mtu wake aliyevunjika mguu, akatibiwa, akapona, na mpaka leo anatembea upande.

Nianze na jina ambalo Watanzania wote tunalijua, John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alianguka katika mbio za marathoni za Olimpiki, akaumia goti na bega. Walimfunga bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na kumaliza wa 57 kati ya 57 waliofika mwisho. Tumemsifu kwa hilo miaka yote, na anastahili.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari hiyo ambayo hatuisimulii. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano. Maana yake ni kwamba lile goti lilirudi kazini. Sisi tumebaki na picha ya kuchechemea, ile ya kupona tumeisahau. Na kwa maoni yangu hivyo ndivyo tunavyowatendea ndugu zetu wanaovunjika miguu. Tunasifu uvumilivu wao, kisha tunawaacha na kilema ambacho mara nyingi kingeweza kuondoka.

Naandika haya si kama daktari. Mimi ni mbeba maboksi tu hapa Uingereza. Asubuhi moja ya Januari, nikiwahi basi la kwenda kazini, niliteleza kwenye barafu, mfupa wa muundi ukavunjika karibu na kifundo cha mguu. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa bamba na skrubu, nikakaa wiki sita bila kukanyagia. Baadaye picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeunga vizuri. Nikapewa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilikwenda mara mbili, halafu zamu za kazini zikagongana na miadi, nikaacha. Nikajiambia mguu si umeshapona?

Nikachechemea mwaka mzima. Niliona ni jambo la kawaida, mpaka siku moja mke wangu aliponionyesha mtoto wetu wa miaka minne akitembea sebuleni huku anaburuta mguu mmoja. Nikamuuliza, "Baba, umeumia wapi?" Akasema hajaumia, anatembea kama baba. Siku ile nilipiga simu kuomba miadi upya.

Mtaalamu aliponipima aliniambia maneno ambayo sikuyategemea. Mfupa wangu haukuwa na tatizo lolote. Kilichokuwa kinachechemea ni kifundo kilichokakamaa, msuli wa nyonga uliolegea, na mazoea. Kwa wiki nyingi mwili wangu ulikuwa umejifunza kuukimbia ule mguu, na hakuna aliyeufundisha kurudi.

Wakati mimi nikihangaika na mazoezi hayo, huko Morogoro mpwa wangu, kijana wa bodaboda, aligongwa na gari akavunjika mfupa wa paja. Ndugu zangu, mnajua inavyokuwa. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp halikulala. Walioko Uingereza, Muscat na Minneapolis wote walichanga, na ndani ya wiki moja fedha za upasuaji zikapatikana. Kijana akawekewa chuma ndani ya mfupa, akaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo. Tukapongezana. Fedha zilizobaki zilifanya kisomo cha shukrani, pilau likaliwa.

Miezi tisa baadaye nilimpigia simu ya video, nikamwomba aniwekee simu ukutani atembee uani nimwone. Nilishtuka. Goti halikunji hata nyuzi 90. Mwili wote unaanguka upande kila hatua. Pikipiki hawezi kuiendesha. Chooni hawezi kuchuchumaa, dada yangu amemtobolea kiti. Msikitini anaswali amekaa kwenye kiti pamoja na wazee wakati ana miaka 24. Nikamuuliza alipewa mazoezi gani alipotoka hospitali. Akajibu, "Mjomba, waliniambia niwe natembeatembea."

Natembeatembea! Hapo ndipo penye kasoro, ndugu msomaji, na ndiyo sababu ya makala haya.

Matibabu ya mguu uliovunjika yana hatua tatu. Ya kwanza ni kuunyoosha mfupa na kuushikilia, iwe kwa hogo, kwa bamba au kwa chuma cha ndani. Ya pili ni kusubiri mfupa uunge. Ya tatu ni kuufundisha mguu kutembea tena. Hatua ya kwanza tunaichangia, ya pili tunaiombea dua, ya tatu hatuijui. Tunadhani kutembea kutarudi kwenyewe kama nywele zilizonyolewa.

Tena katika hatua ya kwanza tumepiga hatua kubwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Shirika la SIGN la Richland, jimbo la Washington huko Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Lewis Zirkle, limekuwa likitoa kwa hospitali za nchi maskini, Tanzania ikiwamo, vyuma vya kuungia mifupa mirefu ambavyo vinaweza kuwekwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Vijana ambao zamani wangelala miezi kitandani mguu ukiwa umevutwa kwa mawe, leo wanasimama baada ya siku chache. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini chuma kinashika mfupa, hakikunji goti.

Kwa nini mtu aendelee kuchechemea wakati mfupa umeunga? Kwa niliyofundishwa na kuyasoma, sababu ni chache na kila moja ina dawa yake.

Kwanza ni maumivu. Mtu anauondoa haraka mguu unaouma, anakimbilia mzima. Maumivu yanayopungua wiki kwa wiki ni ya kawaida. Yanayoongezeka si ya kuvumilia. Pengine mfupa haujaunga, skrubu imelegea au kuna usaha ndani. Huyo hahitaji mazoezi kwanza, anahitaji daktari na eksirei.

Pili ni kukakamaa kwa viungo. Goti au kifundo kilichofungwa wiki nyingi kinagoma kukunja na kunyooka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na goti nalo ni hivyo hivyo. Miezi ya mwanzo linakubali kwa urahisi zaidi, likikaa mwaka mzima linakuwa kazi ngumu, na wakati mwingine linahitaji kurudishwa kwa daktari wa upasuaji.

Tatu ni udhaifu wa misuli. Paja huanza kusinyaa ndani ya siku chache tu za kutotumika. Pima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani utaona mwenyewe. Lakini msuli unaosahaulika zaidi ni ule wa pembeni mwa nyonga. Kazi yake ni kuushika mwili usianguke upande unaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua ni kusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza jinsi ya kuutambua udhaifu huo. Mgonjwa asimame kwa mguu mbovu, na kama nyonga ya upande wa pili inashuka, msuli hauna nguvu. Ndiyo maana mtu anaweza kuvunjika paja, akalaumu goti, kumbe anayemwangusha ni nyonga.

Nne ni tofauti ya urefu. Mfupa ukiunga huku vipande vimepandana, mguu unakuwa mfupi. Tofauti ya sentimita moja watu wengi wazima wanayo na hawajui. Ikifika sentimita mbili hivi inaanza kuonekana, na mara nyingi soli iliyoongezwa kwenye kiatu inasaidia sana. Ikizidi sana, kuna upasuaji.

Tano ni neva. Kama wayo unaning'inia na vidole vinaburuta chini, pengine neva inayopita pembeni chini ya goti imeumia. Huyu anahitaji kupimwa na kupewa kifaa cha kushikilia wayo, si kuambiwa akaze moyo.

Sita ni hofu na mazoea. Hii ndiyo iliyokuwa yangu. Hakuna kinachouma, lakini kichwa hakiuamini mguu.

Sasa mwambie mtu mwenye goti lililokakamaa "tembeatembea". Atatembea kweli, lakini atatembea vibaya mara elfu tano kwa siku, na mwisho atakuwa bingwa wa kutembea vibaya. Hapa ndipo tunapokosea. Kutembea peke yake si dawa kama hujui unarekebisha nini.

Kuna mambo madogo ambayo hayahitaji fedha na bado tunayakosea. La kwanza ni fimbo. Karibu kila ninayemwona nyumbani anashika fimbo upande wa mguu mbovu. Si sahihi. Fimbo moja inashikwa mkono wa upande mzima, inatangulia pamoja na mguu mbovu, na hapo ndipo inapoipunguzia kazi nyonga iliyodhoofu. Urefu wake, ukisimama wima na mkono umeninginia, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda na mguu mbovu unatangulia kushuka.

La pili ni haraka ya kutupa gongo. Vijana wanaona aibu. Nilifundishwa kanuni moja rahisi. Kama ukiwa na fimbo unatembea vizuri na bila fimbo unachechemea, basi muda wa kuitupa haujafika. Bora kutembea vizuri na fimbo kuliko kutembea vibaya bila hiyo. Na kama daktari amesema usikanyagie, usikanyagie mpaka aseme yeye.

La tatu ni mazoezi yenyewe. Wengi wanadhani mpaka kuwe na mashine. Yangu yalihitaji taulo, ukuta na ngazi. Kunyoosha goti, kaa na mguu umenyooka, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, bana msuli wa paja ukisukuma goti chini, hesabu mpaka tano, achia, rudia. Kwa nyonga, lala ubavu mguu mbovu ukiwa juu, uinue umenyooka bila kuupeleka mbele, uushushe polepole. Kwa kifundo, simama mbele ya ukuta, kisigino kikiwa chini, sukuma goti liuguse ukuta. Baadaye kusimama kwa mguu mmoja ukishikilia meza, na mwisho kutembea ukisikiliza mlio wa nyayo zako. Hatua zikilia sawasawa kama saa, uko njiani. Zikilia moja ndefu moja fupi, bado. Haba na haba, kila siku, kwa miezi. Lakini uanze kwa ruhusa ya aliyekutibu, kwa kuwa kila mvunjiko una masharti yake.

Na tafadhali, mguu ukivimba ghafla kwenye shavu la nyuma na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, usikandwe na mtu. Huenda damu imeganda. Kimbia hospitali.

Nina ugomvi pia na vipimo vyetu vya kupona. Karatasi ya mazoezi niliyopewa huku imeandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti, anayekaa kwenye choo cha kukalia na kupanda ngazi. Kutembea barabarani kunahitaji goti likunje nyuzi 60 hadi 70 tu. Kuchuchumaa kunahitaji zaidi ya 120. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa amepona, na kweli anatembea, lakini hawezi kutumia choo cha shimo, hawezi kukaa tahiyatu, hawezi kupiga magoti kanisani, hawezi kuinama palizi wala kukaa mkekani kula na wenzake. Kwetu huyo hajapona. Wataalamu wetu wa nyumbani wanalijua hili kuliko Wazungu, na nawaomba walishikilie. Na mgonjwa aseme wazi tangu mwanzo kwamba anataka kuchuchumaa.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, "ashukuru Mungu yu hai." Kweli ashukuru, na sisi tushukuru. Lakini Mungu aliyempa uhai ndiye aliyempa na goti. Kumwambia kijana wa miaka 24 aridhike na kiti kilichotobolewa wakati hajajaribu mazoezi ya miezi mitatu si imani, ni uvivu wetu sisi tulio karibu naye.

La pili, "wataalamu hawapo." Hili lina ukweli. Shirika la Afya Duniani linasema watu kiasi cha bilioni 2.4 duniani wana hali zinazoweza kusaidiwa na huduma za urekebishaji, na kwamba baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa huduma hizo wasiofika kumi kwa kila watu milioni moja. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma hizo. Lakini tusiseme hatuna kitu. KCMC Moshi inafundisha fiziotherapia, na hapo hapo kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya miguu tangu 1981. CCBRT Dar es Salaam ilianza 1994. Hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha fiziotherapia, hata kama ni chumba kimoja mwisho wa korido. Tatizo ni kwamba mgonjwa haelekezwi huko, na akielekezwa, nauli ya kwenda mara mbili kwa wiki hana.

La tatu, "mganga wa mifupa wa kijijini atamkanda." Siwadharau wazee hao, wapo wanaojua. Lakini goti lililokakamaa likilazimishwa kwa nguvu linaweza kuvunja mfupa ambao haujakomaa. Kulainisha ni kazi ya mwenye mguu, kidogo kidogo.

Na wapo wanaodhani mguu ukishakuwa mfupi basi. Nawakumbusha Valery Brumel, Mrusi, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964. Mwaka 1965 alikuwa abiria wa pikipiki, kama abiria wa bodaboda zetu, akavunjika mguu vibaya. Alipasuliwa mara nyingi, mguu ukabaki mfupi. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa Akhwari, alikwenda Kurgan kwa Daktari Gavriil Ilizarov, aliyebuni pete za chuma za nje zinazovuta mfupa milimita moja kwa siku huku mwili ukijenga mpya katikati. Brumel alirefushwa mguu, akaruka tena zaidi ya mita mbili. Hakurudia rekodi yake ya mita 2.28, lakini aliruka.

Simaanishi kila mguu utarudi. Ipo ambayo haitarudi, na wenye miguu hiyo hawatudai huruma wala majina ya utani ya mtaani. Wanatudai njia nzuri ya kupita, kazi, na heshima. Ninachokataa ni kumwingiza katika kundi hilo mtu ambaye hakupewa nafasi.

Hoja yangu basi ni hii. Kwetu sisi wa ughaibuni, tunapochanga fedha za upasuaji, robo ya mchango iwekwe pembeni kwa ajili ya mazoezi, yaani nauli, ada ya kitengo, kiatu chenye soli. Mtu mmoja wa ukoo apewe kazi ya kusimamia, na kila wiki mgonjwa apigwe picha ya video akitembea mbele na nyuma, tuione maendeleo yake. Kisomo na misa ya shukrani visubiri mpaka atembee.

Kwa hospitali zetu, asiruhusiwe mgonjwa wa mguu bila karatasi ya Kiswahili yenye picha za mazoezi, na ndugu mmoja afundishwe kabla ya kuondoka. Karatasi moja haiishindi bajeti ya hospitali. Kwa serikali ya Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazoezi ya viungo yahesabiwe kuwa matibabu kamili, si nyongeza. Kijana aliyerudi kwenye pikipiki, shamba au cherehani atalipa kodi. Aliyeachwa kwenye kiti atalishwa.

Mpwa wangu sasa amefanya miezi minne na mtaalamu wa hospitali ya mkoa. Alipimwa, mguu umepungua sentimita moja na nusu, fundi viatu akamwongezea soli. Goti linafika nyuzi 115. Pikipiki anaendesha. Kuchuchumaa bado hajaweza, kile kiti kipo, na yule mtaalamu anasema tungeanza mwezi wa pili badala ya wa tisa huenda kingekuwa kimeshatupwa. Hilo deni ni letu, tuliokula pilau mapema.

Mwanangu naye siku hizi anakimbia moja kwa moja. Naomba kuwasilisha.